Yemima, na mstari unaofuata

Jina langu ni Yemima. Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba alinipa jina hilo kwa sababu ya uzuri, na imani hiyo ilinitesa, kwa kuwa mimi si mzuri. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Meno yangu ya mbele yanapandana, na paji la uso wangu ni pana kama la mjomba wangu mwenye upara. Katika Biblia, Yemima ni binti wa kwanza kati ya mabinti watatu ambao Ayubu aliwapata mwishoni, baada ya kupoteza kila kitu na kurudishiwa. Inasimuliwa kwamba katika nchi nzima hawakuonekana wanawake wazuri kama wao. Kila katekista aliyetufundisha habari hiyo alifika hapo, akanitazama, kisha akageuza ukurasa kwa haraka ya huruma.

Nashukuru kwamba baba hakuchukua jina la binti wa tatu, ambalo ni Keren-hapuki. Shuleni kwetu Mudaka wangenicheka mpaka leo.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo Mudaka, na ndiye aliyenichagulia jina peke yake. Kwetu ni Wakatoliki, na Mkatoliki hutafuta jina kwa watakatifu, au kwa bibi aliyekufa vizuri. Mama anasema padri aliuliza Yemima ni mtakatifu wa siku gani. Baba akaongeza jina la mtakatifu, padri akaridhika. Jina hilo la pili limebaki kwenye kadi yangu ya ubatizo, halijawahi kuitwa na mtu.

Leo ninaishi Bukavu, na kazi yangu ni kuchapa. Nina meza moja katika sekretaria publik karibu na chuo kikuu, ambako wanafunzi huleta memwari zao, yaani tasnifu za kumalizia masomo, ziandikwe kwa kompyuta. Mimi mwenyewe chuo sikukianza. Kiswahili hiki cha vitabu, ambacho kwetu hakuna anayekisema, nilijifundisha kwa kusoma kila kilichonipitia mkononi, hata karatasi zilizofungiwa karanga. Kwa hiyo ninaogopa kukosea kuliko watu waliosoma. Ninachapa ukurasa, ninausoma, ninaufuta, ninauanza tena. Mwenye sekretaria ananiambia kwamba mteja analipa ukurasa, halipi wasiwasi.

Pale mezani nimekutana na akina Yemima wengine. Kwenye karatasi za Kifaransa wanaandikwa Jemima, nyumbani wanaitwa Mima. Wengi wanatoka katika familia za Kiprotestanti, na nikiwauliza, karibu wote wana hadithi inayofanana: mama alizika watoto kabla yao, au alingoja mtoto mpaka watu wakaanza kunong'ona. Ni jina la baada ya mateso. Lakini kwetu hakukuwa na kilio kabla yangu. Nilikuwa na kaka mkubwa mwenye afya, na mdogo wetu wa kiume alikuja nyuma bila shida. Mimi sikuwa faraja ya mtu yeyote. Ndiyo maana nilibaki na uzuri kama maelezo pekee, nayo hayakunifaa.

Baba alifariki mwaka jana, na mwaka huu, kabla ya Pasaka, mke wa kaka alijifungua msichana. Kaka anafanya kazi ofisini hapa mjini, ni mtu wa maneno machache na viatu vilivyopigwa dawa. Alinipigia simu kutoka uzazini.

"Dada yangu amezaliwa," akasema.

Nilidhani uchovu umemchanganya. Kisha nikaelewa, na nikakaa chini kwenye ngazi za sekretaria, wateja wakinipita. Alikuwa amempa binti yake jina langu.

Mtu unayeshiriki naye jina tunamwita omonimu, neno la Kifaransa ambalo Bukavu tumelifanya letu. Si sifa tu, ni kazi. Omonimu huleta nguo ya kwanza ya sherehe na kikwembe, yaani kitenge, cha kubebea. Tangu siku hiyo mtoto na mwenye jina wanahesabiwa kuwa mtu mmoja, na utani hauishi. Kaka alianza kutuma habari kama hizi: dada yako amekataa kulala, dada yako amemtapikia wifi yake, dada yako ana hasira kama zako. Wifi, mkewe, alimwita mtoto "wifi" akimbadilisha nepi.

Na katika ukoo wetu kuna jambo moja zaidi. Siku ya ubatizo, watu wakishakula, omonimu anasimama, anapewa mtoto mikononi, na anamweleza jina limetoka wapi. Wakati anaongea hakuna mtu anayemkata neno, hata mzee. Inasemekana jina likikatwa katikati, mtoto hukua na kigugumizi. Sijui kama wanaamini. Ninajua wanalifuata.

Mtu mwenye wasiwasi kama wangu akipewa majuma kadhaa ya kuandaa hotuba, anajiharibu. Nilitafuta maana. Nilisoma kwamba Yemima kwa Kiebrania huenda ni njiwa, na wengine wanasema ni mchana. Nikapima lipi linamfaa mtoto. Niliandika kurasa mbili, nikazichapa, nikabadilisha aya ya njiwa ikatangulia mchana, kisha nikairudisha. Uzuri niliuweka mwishoni, nikajitania kidogo kuhusu meno ili watu wacheke kabla hawajafikiri.

Kitu kimoja sikukiandika, ingawa nilikijua. Siku hiyo hiyo ya ubatizo, baada ya chakula, baba mukubwa, yaani kaka yake baba, angewakusanya wanaume ili wagawe shamba la baba. Ni kilima kidogo cha migomba na maharagwe chini ya barabara ya kwenda Miti, kinachoshuka mpaka bondeni kwenye maji. Lingegawanywa kwa kaka na kwa mdogo wetu. Mdogo wetu yuko Shabunda kwenye machimbo ya dhahabu, simu yake imezimwa tangu mvua zilizopita, lakini fungu lake lingemngoja. Mama angeendelea kulima kama mjane wa nyumba. Mimi sikutajwa. Kwetu binti hatajwi, na si kwa ubaya. Inasemwa kwamba binti ana shamba kwa mume wake. Mume sina, lakini huyo mume ambaye hayupo tayari alikuwa amenipa shamba.

Nilijiambia kwamba sijali. Nina meza yangu mjini, nitalima lini? Ukweli ni kwamba nilijali, na niliona aibu kujali. Udongo wenyewe haukuwa jambo kubwa. Nilitaka siku watakapohesabu watoto wa baba, nihesabiwe.

Mchana wa kuamkia ubatizo nilikuwa Mudaka kwa mama. Tulikaa uani tukichambua maharagwe ya sherehe. Nikamsomea hotuba yangu yote, kwa sauti, nikisimama pale ambapo ningesimama. Mama alisikiliza huku vidole vyake vikitupa mawe pembeni.

"Umemaliza?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Nikamuuliza kama njiwa ilikuwa ndefu mno.

"Njiwa iko sawa. Na mustari ya nyuma ya uzuri, juu ya nini umeiacha?"

Sikuelewa. Akanieleza bila kuinua macho kwamba nilipozaliwa nilikuwa na kichwa kirefu kama papai, na kwamba baba, aliyekuwa na macho mazuri, hangeweza kunipa jina juu ya sura. Alinipa jina kwa sababu ya kinachosemwa baada ya uzuri. Pale inasimuliwa kwamba Ayubu aliwapa mabinti wake urithi pamoja na kaka zao.

Nilikuwa nimeusoma mstari huo. Nimeusoma tangu utoto, jinsi mtu anavyosoma bei ya nguo ambayo hana mpango wa kuinunua.

"Alisema nini?" nikamuuliza mama. "Siku ile, alisema maneno gani?"

"Alisema: mimi sina nguvu ya kupigana na bakubwa zangu. Nitamupa mutoto jina, siku moja mutu atafungua Biblia aone kwa nini."

"Na hakuwaambia?"

"Alikuwa anaogopa baba mukubwa yako. Weye unafikiri woga yako umeitoa wapi? Kwangu?" Akacheka kidogo. "Mimi sikutumi, Yemima. Umeniuliza, nimekujibu."

Sikupata tena utulivu. Nilikuwa nikimkasirikia baba, aliyekwenda kuzikwa na jambo langu mdomoni mwake. Na nilikuwa nikimwonea huruma, mwalimu mzima, akijificha nyuma ya mtoto mchanga. Niliona wazi njia zote mbili. Nikisoma kurasa zangu, watu watapiga makofi, wanaume watakwenda nyuma ya nyumba, na shamba litagawanywa nikiosha sahani. Nikisema mstari ule, nitakuwa nimeomba ardhi mbele ya wageni, kwenye karamu ya kaka aliyeniheshimu kwa jina. Tena nitakuwa nimetumia mtoto wake kama ngao ili nisikatwe neno. Jambo hilo la mwisho ndilo lililoniuma.

Ubatizo ulikwenda vizuri. Mtoto alilia maji yalipomgusa, kaka akanong'ona kwamba dada daima alikuwa mgumu kuogeshwa, na mpaka padri alitabasamu. Uani kwa mama walitandika mikeka na viti vya kuazima, kukawa na bugali, sombe ya majani ya muhogo, visamaki vya sambaza vya kukaanga, na kasiksi, pombe ya ndizi, kwa wazee. Mimi sikula. Nilikuwa nikihakikisha kama karatasi zangu zipo mfukoni.

Kisha baba mukubwa akagonga kikombe na kijiko. Ni mzee mrefu, anapenda utani na anapenda kutiiwa, na kwa kweli ananipenda. Akasema sasa omonimu atueleze, tusikie habari za wanawake wazuri wa Ayubu, ingawa huyu wa kwetu alichelewa siku wanagawa uzuri. Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, kwa desturi.

Nikasimama, wifi akanipa mtoto. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu, kosa la mtu anayefikiri juu ya kila nukta: mtoto hushikwa kwa mikono miwili. Kurasa zangu zilibaki mfukoni na sikuwa na mkono wa kuzitoa. Nilimtazama yule mtoto. Alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa chake nacho kirefu kama papai.

Hotuba ilinitoka kichwani yote. Nikaanzia mwisho.

"Yemima," nikamwambia, "jina lako limetoka kwa babu yako. Hakunipa juu ya uzuri. Alinipa kwa sababu Ayubu aligawia mabinti wake urithi pamoja na kaka zao. Babu yako alitaka kusema neno hilo hapa, akaogopa. Mimi pia naogopa. Lakini jina sasa ni letu wawili, na siwezi kukupa nusu."

Nilitaka kuongeza njiwa. Nikakaa.

Hakuna aliyenikata neno, kwa hiyo desturi ilitimizwa. Kuku waliparua nyuma ya jiko. Kaka alikuwa akitazama viatu vyake. Baba mukubwa alikunywa, akapangusa mdomo.

"Ayubu alikuwa tajiri, binti yangu," akasema. "Ngamia, kondoo, ng'ombe. Sisi tuko na kilima kimoja, na chini iko maji. Ukiolewa kesho, batu ya kwa bwana yako batakuja kulima kwa kaburi ya baba yako?"

Watu walicheka, si kwa ukali. Lilikuwa swali la kweli. Ndipo wifi, ambaye katika ukoo wetu ni mgeni na hakuwahi kusema mbele ya wazee, akasogea kunipokea mtoto. Alimfunika vizuri kwanza.

"Papa," akamwambia baba mukubwa, "huyu naye ni Yemima."

Alisema hivyo tu, kwa adabu, kama mtu anayekumbusha kwamba kuna mgeni hajapewa kiti. Kisha akaingia ndani kunyonyesha.

Wanaume walikwenda nyuma ya nyumba. Walikaa muda mrefu. Niliosha sahani, nikazirudia zilizokwisha kuoshwa, mpaka mama akaninyang'anya kitambaa. Waliporudi hakuna aliyesema kilichoamuliwa, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Kaka alinirudisha mjini kwa gari la ofisi yake. Wifi na mtoto walilala kiti cha nyuma. Tulikuwa tumekaribia mjini, ziwa linaonekana upande wa kushoto, ndipo akafungua mdomo.

"Ungeniambia mbele."

"Ungenikataza, yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Labda." Akabadilisha gia. "Lakini ungeniambia. Mimi nilikupa jina kwa mapendo, weye ukanisimamisha mbele ya batu kama mwizi."

Nilimwambia kwamba sikumwita mwizi. Akasema anajua. Aliniacha karibu na nyumba yangu, akanitakia usingizi mwema, na hakuniita dada.

Kiangazi chote hakunipigia. Habari za "dada yako" zilikoma. Wifi alinitumia picha mara moja moja, bila maneno, mtoto akiwa amevaa gauni nililomletea. Kazini nilichapa vibaya. Usiku na mchana nilikuwa nikiandika upya hotuba ambayo nilikwisha kuitoa: ningeanza kwa kumshukuru kaka, ningemwomba ruhusa, ningelainisha hapa na pale. Kila mara nilifika mahali palepale. Hata ningeipamba namna gani, neno lenyewe lingekuwa lilelile, na lingemuuma. Kwa mtu kama mimi, anayeamini kwamba kila jambo baya linatokana na sentensi iliyoandikwa vibaya, hilo lilikuwa gumu kukubali. Nilimkumbuka sana kaka yangu. Nilikwenda mpaka mlangoni pa ofisi yake, nikaona walinzi, nikarudi.

Mvua za kwanza zilipoanza, simu ikalia nikiwa mezani.

"Dada yako mudogo anauliza," sauti ya kaka ikasema, "kama Jumamosi uko na kazi."

Nikasema sina. Nilikuwa nayo.

Tulipofika Mudaka, baba mukubwa alikuwa tayari shambani na jembe, na rundo la vijiti vya ule mti tunaoupanda mipakani, ambao hata ukiukata vipi unachipua tena. Mama alikuwa amesimama kando, mikono imekunjwa ndani ya kikwembe. Baba mukubwa aliponiona aliita, "Karibu, binti Ayubu," na jina hilo la utani ninalo mpaka leo.

Kaka alishuka kilima mbele yangu. Hakunipeleka kwenye migomba. Alinipeleka chini, karibu na maji, mahali ambapo mvua ikizidi maharagwe yanaoza.

"Toka hapa mpaka kule kwa jiwe," akasema. "Ni pako. Yangu nitaikata na Yemima wangu akikua. Ile ya huyu wa Shabunda iko juu."

Baba mukubwa akaongeza sharti lake, akiwa bado ameinama: nitalima maisha yangu yote, niwe na mume au nisiwe naye, lakini siwezi kuuza kwa mtu wa nje. Alisema wamebishana sana siku ile, na kwamba yeye bado hajakubali moyoni, ila amechoka kumwota baba yangu. Kisha akaniambia nishike kijiti, kwa nini nasimama kama bibi harusi.

Nitasema ukweli: sikuridhika. Kilikuwa kipande kidogo kuliko vyote, na kibovu kuliko vyote, na kilikuwa na sharti ambalo kaka zangu hawakupewa. Niliona kasoro zote hizo kwa mara moja, ndivyo macho yangu yalivyo. Na wakati huohuo nilikuwa na furaha. Nilichukua kijiti, kaka akachimba, tukakipanda, baba mukubwa akakishindilia kwa kisigino. Mpaka ulitoka umepinda, kwa sababu mzee alipanda kwa kukadiria kwa jicho. Nilifungua mdomo niseme, kaka akanitazama, nikaufunga.

"Ningekuambia mbele," nikamwambia baadaye, tulipokuwa tukinawa mikono kwenye mfereji. "Pole, yaya."

"Njo vile," akajibu, yaani ndivyo ilivyo. Akanirushia maji usoni kidogo, kama tulipokuwa watoto, na huo ndio msamaha wote niliopewa.

Juma lililofuata nilirudi kupanda. Wifi alikuja na mtoto, akamlaza kwenye kikwembe ukingoni mwa shamba. Mimi nilikuwa nimeleta kamba na vijiti kutoka mjini. Nilinyoosha kamba, nikapima, nikaihamisha kidogo, nikapima tena, nikaweka mbegu kwa umbali uliolingana, nikarudi nyuma kutazama kama mstari umenyooka. Haukunyooka vya kutosha. Nikaanza kuzitoa mbegu ili nipange upya.

Mama, ambaye kwa muda huo alikuwa amemaliza mistari kadhaa kwa upande wake bila kamba, akasimama akanitazama.

"Yemima," akasema. "Maharagi haijui kusoma. Panda."

Nikaikunja kamba, nikapanda.